Manowari Iliyochorwa Upya

Dada Rehema, shikamoo.

Mvua imenifungia Greenwich, ndani ya jumba la makumbusho lenye michoro ya manowari za matanga. Juzi mwalimu wangu wa usanifu wa meli alikataa mchoro wangu wa meli, akanishauri nibadili kozi. Nilikuwa nalia hapa, mlinzi mmoja, mzee wa Bukavu, akaniuliza, "Juu ya nini unalia, mama?" Nikamweleza. Akaninyooshea kidole mchoro mmoja. "Manowari hii ya kwanza kujengwa ililala sana upande, mizinga ikakaribia maji. Wakaichora upya, wakaitanua, kisha wakajenga zingine nyingi kama hiyo."

Nimeshaanza kuuchora upya mchoro wangu. Jumatatu naupeleka kwa mwalimu yuleyule. Nibusie wanao. Mwambie Mama asiniombee nirudi, aniombee nimalize.

Mdogo wako, Zawadi