Stelingi Alitoka Maneromango

Kwako Kaka Idi, uliyelala Kisarawe,

Barua hii naiandika wazi, aisome anayetaka. Unanijua, si mtu wa kuanika mambo ya nyumbani. Lakini nilikukosea mbele ya watu hamsini na wanne, niliowahesabu mwenyewe mlangoni, na isingekuwa haki nikuombe radhi peke yangu kaburini pasipo hata mmoja wao kusikia. Kwa hiyo na wasikie. Ila kabla ya radhi nina malalamiko, na hayo hayakuhusu wewe. Yanahusu filamu.

Zimeharibika, kaka. Nazungumzia zile kubwa zinazotoka katikati ya mwaka, ambazo wenyewe huziita filamu za kiangazi, kwa sababu huko kwao Juni hadi Agosti ni jua na likizo. Kwetu Kibaha ni kipupwe, watu wanakuja bandani na masweta. Mwaka huu nimeonyesha kumi na moja. Tisa ni mwendelezo wa filamu nyingine. Moja ni sehemu ya saba, na naapa sehemu ya sita iliisha kila mtu amekufa. Katika saba kati ya hizo mji mzima unabomoka, na katika sita mji unabomoka baada ya mwanga wa buluu kushuka toka juu. Huo mwanga nimeupima kwa saa ya ukutani: hauwahi wala hauchelewi, ni baina ya dakika ya mia moja na ya mia na kumi. Mzee Chande, fundi baiskeli wetu, alisinzia dakika arobaini katika mojawapo, akaamka akaniuliza amepitwa na nini. Nikamwambia hujapitwa na kitu, mzee wangu, mtu ni yule yule, ghorofa ndiyo nyingine. Akasema ahsante, akalala tena.

Enzi zako hakulala mtu.

Unakumbuka tulivyoanza? Nilikuwa nimetoka kwenye beseni la karanga pale Maili Moja, nimepata televisheni ya inchi ishirini na moja na deki ya mtumba, nikakodi chumba cha bati Tangini. Watu wakakiita kibanda umiza, na hawakukosea: mabenchi sita yasiyo na pa kuegemea, joto la kuivisha mayai. Ukaja kutoka Kisarawe na mfuko mmoja wa nguo, ukasema unanisaidia wiki mbili. Ulikaa miaka kumi na mmoja.

Siku ya kwanza watu walitoka katikati ya filamu kwa kuwa hawakuelewa lugha. Siku ya pili uliazima maikrofoni ya mtu wa maharusi, ukasimama pembeni ya televisheni, ukaanza kutafsiri. Na lugha yenyewe hukuijua. Ulijua yesi, noo na kamoni. Ulichofanya ni kuutazama uso wa mtu, kisha ukasema kile ambacho uso wa namna ile ungesema.

Kwako wewe kila stelingi, yule shujaa wa filamu, alitoka Maneromango, kijiji cha kwetu Kisarawe, na jina lake lilikuwa Masudi. Awe mzungu, awe mchina, awe na ndege ya kivita, alikuwa Masudi wa Maneromango. Maadui wote walitoka mjini. Masudi akining'inia kwenye dirisha la ghorofa ya arobaini, adui anamkanyaga vidole, ulituambia kwa sauti ya upole kwamba hapo anawaza korosho zake alizoacha juani, na wingu limeshatanda. Banda zima lilikuwa linamlilia Masudi korosho. Mama alikuwa anakuja kila mwisho wa mwezi, anakaa benchi la tatu, akirudi Kisarawe anawapa majirani habari za Masudi kama za mtu wa ukoo. Mpaka jirani yake mmoja akamuuliza huyo Masudi ni mtoto wa nani pale Maneromango, maana naye ana ndugu kule, isije ikawa ni shemeji yake.

Lakini ile ya mtu aliyebeba dawa kuvuka milima ndiyo ilitumaliza. Saa moja na nusu wanamfukuza. Mwisho anafika nyumbani kwao, anasimama mlangoni, mama yake anafungua. Ukasogeza maikrofoni mdomoni, ukasema taratibu, "Mama, nimechelewa. Usiniulize nilikuwa wapi. Niulize kama nimekula."

Mzee Chande alijifuta machozi kwa kitambaa cha grisi, akatoka na uso mweusi. Wiki nzima Tangini watu wanasalimiana hivyo: niulize kama nimekula. Mimi nilirudi nyuma ya pazia, nikajifanya natafuta waya.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Nilijiandikisha masomo ya jioni ya Kiingereza, siku tatu kwa wiki, miaka miwili. Mtu aliyeishia darasa la saba akipata kitu kama hicho anataka kukitumia haraka, nami nilikitumia kwako. Niligundua kwamba karibu kila ulichosema hakimo. Nikakaa na saa: katika filamu moja, watu wa kwenye kioo walizungumza dakika thelathini na moja, wewe ulizungumza tisini na sita. Nilikuwa na hasira nayo ile hesabu, kama vile uliniibia. Nilidhani banda letu linachekwa kwamba ni la watu wasiojua.

Ikaja ile Jumamosi mchana, watu hamsini na wanne. Stelingi kasimama dirishani, kimya. Ukasema anamkumbuka binti yake, kwamba aliahidi kumshonea sare ya shule na hajamshonea. Nikasimama, nikasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Kaka, hicho hakikusemwa. Huyo mtu hana hata mtoto."

Watu wakacheka. Nawe ulicheka. Kisha ukasema kwenye maikrofoni, "Mwenye banda amesema hana mtoto. Basi hana." Ukanyamaza. Filamu ilikuwa na dakika hamsini mbele, na hukusema neno jingine mpaka mwisho.

Wiki iliyofuata nikaleta televisheni kubwa, spika nne, na filamu zenye maandishi chini. Ukasema ni vizuri, koo lenyewe limechoka. Ukarudi Kisarawe kwenye mihogo na mikorosho ya baba. Hukuninunia hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma. Nikija kuwaona unanichomea mihogo, unaniuliza swali moja tu: wanakaa wangapi mpaka mwisho? Hukuuliza wangapi wanaingia. Nami, niliyekuumbua kwa ajili ya ukweli, nilikutajia walioingia. Hamsini, nasema. Sitini. Ukaitikia kwa kichwa, ukasema mdogo wangu anajua kazi.

Huu mwaka wa tatu tangu kifua kikuchukue. Katika muda huo nimetaka kukuambia, na kila nikifika Kisarawe naishia kupalilia kaburi na kurudi.

Mwaka huu nikabishana na Mzee Chande. Nilisema filamu za zamani zilikuwa na akili, za sasa ni kelele. Akasema filamu ni zile zile, sisi ndio tumezeeka. Mimi mbishi, wanijua. Nikasema nitamletea ushahidi. Nikaifukua ile sidii ya mtu wa dawa kutoka kwenye sanduku lako, nikaiweka asubuhi nikifagia, banda tupu. Nikaiangalia yote, bila sauti yako.

Kaka, ni filamu ya kawaida mno. Wanamfukuza, anakimbia, wanamfukuza tena. Nikasubiri mlango. Akafika, akasimama, mama akafungua. Yule mtu akasema, "Nimerudi." Basi. Majina yakaanza kupanda. Nilirudisha nyuma mara tatu. Hakuna kuchelewa, hakuna kula. Nilijua haimo, Kiingereza nimekisoma, lakini moyo wangu ulikuwa umeitunza kama imo.

Nikakaa kwenye benchi na ufagio mapajani. Nikajiambia, Zuhura, nusu ya kesi yako imeanguka. Kile ulichokuwa unakililia kama filamu nzuri za zamani kilikuwa kaka yako amesimama pembeni na maikrofoni ya kuazima.

Nusu, nimesema. Ile nusu nyingine bado naishikilia, maana nilipoirudisha mara ya nne niliangalia saa. Kabla ya kusema "nimerudi", yule mtu anasimama mlangoni sekunde kumi na tisa. Hakuna muziki, hakuna risasi, ni uso tu. Hapo ndipo ulipoingilia. Nikazichukua zote kumi na moja za mwaka huu, nikatafuta mahali pa namna hiyo. Kimya kirefu kuliko vyote ni sekunde nne, na ndani ya hizo nne kuna mtu anapakia bunduki. Hata ungefufuka leo, ungeingilia wapi? Wamejaza kila pembe. Wanaogopa tukipewa nafasi ya kupumua tutaondoka, na tunaondoka vile vile. Nikujibu leo lile swali lako kwa uaminifu: wiki iliyopita waliingia arobaini na tisa. Waliokaa mpaka mwisho ni kumi na wawili, akiwemo Mzee Chande aliyelala.

Sasa kuna habari ya Mama. Mtoto wa jicho amemziba macho yote mawili, anaona mwanga na vivuli tu. Nimemleta Kibaha, tumepewa siku ya upasuaji pale hospitali ya Tumbi, Jumanne ijayo watamfanyia jicho la kwanza. Wakati tunasubiri yuko kwangu. Leo mchana akataka nimpeleke bandani. Nikamwambia, Mama, utaona nini? Akasema kwani zamani alikuwa anaona nini, na ufupi wake ule, mbele yake vichwa vya watu tu.

Nikamketisha, nikakaa karibu naye. Ilikuwa ile sehemu ya saba.

"Anasema nini huyo?"

"Anasema twende."

"Waende wapi?"

"Hajasema, Mama."

"Mama yake yuko wapi?"

"Huyu hana mama. Hawajamuonyesha."

Akanigeukia na yale macho ya ukungu. "Zuhura. Kila mtu ana mama."

Nilitafuta rimoti. Nikapunguza spika, kitu ambacho sijawahi kukifanya katika filamu kubwa, watu wakanigeukia wote. Nikainama sikioni mwa Mama. Maneromango yako sikuigusa, ile ni yako. Nikamwambia huyu kijana katoka kijiji cha Janga, mama yake yupo, analima mpunga. Akauliza sasa huku kwenye maghorofa anatafuta nini. Nikasema aliondoka kwao. Akauliza kwa nini. Na hapo kwenye kioo mji ulikuwa unaanza kubomoka, mwanga wa buluu unashuka kwa saa yake, nami sikuwa nimepanga neno lolote.

"Mdogo wake alimsema mbele za watu," nikasema.

Benchi la mbele wakawa wamegeuka nusu, wanasikiliza. Mzee Chande alikuwa macho, tena kajisogeza hadi ncha ya benchi, akaniambia nisinong'one kama nagawa siri, na wao wamekuja kuangalia filamu.

"Na huyo mdogo mtu," Mama akasema, "alimfuata?"

"Bado."

"Anangoja nini?"

Nikasema ni mtu wa hesabu, ana kiburi, alikuwa anasubiri awe na uhakika. Mama akaguna ule mguno wake. Akasema watoto wa siku hizi wanapima hata kusameheana.

Filamu ikaisha nikiwa sijamfikisha kijana nyumbani. Wao walimaliza yao kwa mlipuko, mimi yangu ikabaki njiani. Watu wakabaki wamekaa, wananitazama mimi. Nikiwa namshika Mama mkono tunatoka, nikamwambia Jumanne wakishamfungua hilo jicho, ataziangalia filamu mwenyewe jinsi zilivyo. Akasema hizo zitamngoja. Anachotaka ni kesho saa nane nimrudishe pale, nimalizie habari ya yule wa Janga, afike kwao.

Kwa hiyo kesho saa nane, kaka. Sehemu ya saba ile ile. Nimeshapima, mahali pa kuingilia hapapo, nitapafungua mwenyewe kwa rimoti. Kijana atavuka mji uliobomoka, atafika Janga, atasimama mlangoni. Mama yake nimempeleka shambani, maana anayetakiwa kufungua ule mlango ni mdogo mtu. Mama yetu atakuwa benchi la tatu. Mzee Chande atakuwepo, na nimewatumia salamu wengine wa ile Jumamosi, kila ninayemjua alipo. Spika nitazizima kabisa. Mdogo mtu atafungua mlango, atamtazama kaka yake muda mrefu kuliko sekunde kumi na tisa, kisha atasema, na nitalisema kwa sauti ya watu wote kusikia: nisamehe, kaka, wewe ndiye uliyekuwa unasema kweli.

Pumzika kwa amani ya Mwenyezi Mungu.

Mdogo wako,
Zuhura