Rafu ya Chini

Jumatatu, 8 Aprili

Nimepangusa vumbi rafu za juu tu. Ya chini kesho. Wasomaji watatu leo, mmoja wao alikuja kulala.

Ziwa limefika kwenye mipera nyuma ya maktaba. Mwaka juzi wanafunzi walikuwa wanakaa chini ya mipera ile wakila karanga. Mkurugenzi wa taasisi anataka orodha ya tasnifu zote. Chumba kimoja, madirisha mawili, mimi. Sijui kwa nini ameamka leo.

Nimeanza hata hivyo. Juu, historia na lugha: nyimbo za kubembeleza watoto kwa Kifuliiru, majina ya pepo za ziwani, mmisionari aliyegombana na mpishi wake. Katikati, elimu ya jamii: mahari ya ng'ombe kule Bijombo, wasichana wa Mulenge walioacha shule, wajane na mashamba ya mpunga bondeni. Chini, uhandisi: matofali, madaraja, mitambo midogo ya umeme wa mto. Kila mwanafunzi aliyeziandika alikuja hapa na nakala yake kwapani, amevaa suti ya kuazima, akidhani dunia nzima itaisoma. Kadi nyingi za wasomaji hazina hata sahihi tano.

Uhandisi uko chini kwa sababu ni mzito. Michoro yao inakunjwa mara nane, mbao za juu zinapinda. Niliamua hivyo mwenyewe, zamani. Na tuseme ukweli, mimi ni mtu wa historia. Historia niliiweka usawa wa macho yangu.

Namba 212 iko mwisho wa rafu ya chini, karibu na mlango wa nyuma. Ni ya binti yangu Neema. Inaitwa Mfereji wa Songo. Nimeandika namba kwenye orodha bila kuitoa.

Jumatano, 10 Aprili

Maji yameingia uani. Ya kukanyaga tu kwa sasa.

Mkurugenzi kaitisha kikao tukiwa tumesimama juu ya matofali. Maktaba inahamia ukumbi wa parokia, kule juu. Gari litakuja Jumatatu. Nipange kila kitu kwenye katoni kabla ya hapo. Nimepewa Mama Riziki, anayefagia maktaba tangu kabla sijaajiriwa. Mwalimu mmoja wa hesabu aliahidi kuja kusaidia. Sina imani naye.

Nimeangalia kadi ya 212. Tupu. Hakuna aliyesaini hata mara moja. Hata mimi.

Alhamisi, 11 Aprili

Tumegombana, mimi na Mama Neema. Yeye anataka nilete nyumbani tasnifu ya mtoto. Nilimweleza kanuni: tasnifu haitoki chumbani. Nimewakatalia mapadri. Nimemkatalia mkurugenzi mwenyewe. Leo nianze kutoa ya mwanangu?

Akasema, "Weye ulimuzikisha na yake. Sasa hii moja unanyima mama yake?"

Ni kweli. Neema alikuwa na nakala yake mwenyewe, ile yenye jalada la kijani. Agosti, homa ilipomchukua kwa siku tatu, mimi ndiye niliyesema iwekwe ndani ya sanduku, chini ya mikono yake. Alikuwa amehangaika nayo miaka miwili. Watu walilia sana walipoona. Nilisema hadharani kwamba nyingine ipo maktaba, haipotei. Nilijivuna niliposema hivyo.

Hatukula pamoja.

Ijumaa, 12 Aprili

Tumefunga katoni tangu asubuhi. Mwalimu wa hesabu hakuonekana.

Mama Riziki alitaka tuanze na uhandisi. Alisimama mbele ya rafu ya chini na ndoo yake, akakataa kutoka. "Papa, tuanzie huku. Maji iko inatoka chini, haitoke juu." Nilimwambia orodha yangu inaanzia juu na tutafuata orodha. Akaniangalia sana.

Niandike ukweli, hapa hakuna wa kunisikia. Haikuwa orodha. Nilijua watu wangesema nini. Mzee kaanza na mtoto wake. Mzee kaacha kazi za watoto wa wengine zilowe. Miaka yote hii sijawahi kumpendelea. Siku alipoleta tasnifu yake nilimpanga foleni nyuma ya wenzake. Nikamwambia kama binti yeyote mgeni, "Jina kamili, mademoiselle." Alicheka mpaka akakosea sahihi. Kisha akainama kwenye meza yangu: "Papa, soma tu ukurasa wa kwanza." Nikamjibu hesabu zenu hizo nitasoma nikistaafu.

Tumemaliza historia na lugha. Tumemaliza elimu ya jamii. Katoni zote ziko juu ya meza. Mgongo umekufa. Kabla ya kufunga mlango niliinama, nikaitoa 212, nikaipima mkononi. Meza bado ilikuwa na nafasi. Nikairudisha mahali pake. Uhandisi ni kesho asubuhi.

Jumamosi, 13 Aprili

Mvua kubwa milimani tangu alfajiri. Mto umeshuka umejaa, ziwa limepanda, vimekutana uani kwetu. Nimefika maji ya uani yako kiunoni, ya ndani magotini.

Mlango wa nyuma haupo. Rafu ya chini haipo. Uhandisi wote umekwenda.

Jumapili, 14 Aprili

Sikwenda misa. Mama Neema hakwenda pia. Hajaniuliza kitu. Alinitazama nilivyorudi jana na suruali ya matope, akaingia chumbani.

Ningependa anitukane.

Niliishika. Niliishika mkononi, nikairudisha.

Jumanne, 16 Aprili

Nimezunguka mji mzima na viatu vilivyolowa, nikitafuta nakala nyingine ya Neema.

Yule aliyemchapia kazi, pale karibu na soko, alibadilisha mashine zake tangu Krismasi. Alifungua droo zote mbele yangu, masikini, kwa heshima tu. Flash ya Neema, aliyohifadhia kazi, ilipotea na mkoba wake alipokuwa hai, alilia siku mbili kwa ajili yake. Mwalimu aliyemsimamia alihamia Kalemie. Nilimpigia. Akasema nakala yake ilikuwa kwenye nyumba aliyoiacha huku, na nyumba ile iliingia maji kabla yetu. Akaanza kunipa pole upya, kama siku ya mazishi. Nilikata simu, nikasingizia mtandao.

Nakala iliyobaki duniani iko kaburini. Nimewaza jambo ambalo baba hatakiwi kuliwaza. Sitaliandika.

Alhamisi, 18 Aprili

Katoni za mezani zimepona, lakini si zote. Meza moja ilianguka. Tumezipandisha parokia, na sasa ukumbi mzima una kamba za nguo. Tunafungua tasnifu katikati na kuzining'iniza. Mama Riziki kaleta vibanio vya nguo vya mtaa mzima wa kwao. Mapadri wanapita wameinama.

Wajane wa mpunga wamechanganyika na pepo za ziwani. Mpishi wa mmisionari ana ukungu.

Kwa kuwa lazima nigeuze kila ukurasa ukauke, ninasoma. Miaka yote nilizipokea hizi kazi, nikazipiga mhuri, nikazipa namba. Nilijua vichwa vyake na uzito wake. Sikujua kwamba yule kijana mnene wa mahari ya ng'ombe alitembea hadi Bijombo kwa miguu mara nne, na mara ya pili alikuta mzee aliyemtegemea ameshafariki. Ameliandika katika tanbihi, kwa herufi ndogo. Nimeisoma mara mbili, nimesimama katikati ya kamba.

Nasikia aibu. Nilikuwa mlinzi wa kitu nisichokijua.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimeipata.

Siyo yenyewe. Nitulie kwanza, niandike kwa utaratibu.

Kuna tasnifu ya elimu ya jamii ya msichana anaitwa Aline: familia zilizohama kando ya ziwa na zilikokwenda. Ilikuwa kamba ya tatu, bado mbichi. Kwenye shukrani, mstari wa mwisho: "Kwa dada Neema wa uhandisi, aliyeniazima nakala yake ya kijani tukiwa tumekaa kwenye ngazi za maktaba." Kwenye ngazi zangu. Labda nilipita nikawaambia wapishe njia.

Halafu ndani, amemnukuu. Mara tatu. Maneno ya Neema yenyewe, yako kwenye alama za kunukuu, na namba ya ukurasa. Ni kwa Kifaransa. La kwanza nalihamisha hapa kwa Kiswahili chetu:

"Mfereji wa Songo ulichimbwa kwa mji mdogo. Mto ukijaa wakati ziwa limepanda, maji hayatafuata tena mfereji, yatapita uwanja wa taasisi. Jengo la kwanza kuyapokea ni maktaba, kwa mlango wa nyuma. Baba yangu anafanya kazi humo. Ndiyo sababu nimeichagua mada hii."

Ukurasa wa 1.

Ijumaa, 26 Aprili

Sijaandika kwa sababu sina la kuandika. Nakwenda ukumbini, nageuza kurasa, narudi.

Ukurasa wa kwanza tu, alisema. Ukurasa mmoja.

Nimemwambia Mama Neema. Nilidhani sitaweza. Alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Endelea kutafuta." Hayo tu. Jioni tulikula pamoja.

Jumapili, 5 Mei

Nimepata nyingine, na ni kwenye lugha, mahali ambapo nisingetazama. Tasnifu ya majina ya vijito vilivyofukiwa na nyumba. Mwandishi anasema orodha yake ya majina ameichukua kwa Neema, kwenye nyongeza ya pili mwishoni mwa kazi yake. Majina kumi na moja, kila moja na bibi aliyemtajia. Mwanangu wa hesabu na michoro alikuwa anazunguka mtaa wa Songo kuwauliza wazee maji yalipita wapi walipokuwa watoto. Hiyo ni kazi ya historia. Ni kazi yangu mimi, aliifanya vizuri kuliko mimi.

Jina la saba limetajwa na Mama Riziki.

Nilimfuata baada ya misa, nikamwonyesha. Alishangaa kwamba nashangaa. "Ee Papa, alikuja kwangu mara mbili, na daftari yake. Alinionyesha kwa kidole vile maji itapita. Minye nilifikiri unajua. Ni mutoto wako."

Kumbe ndiyo maana alisimama pale na ndoo.

Nilimwomba msamaha. Alinishika mkono akaniuliza kama nimekula.

Alhamisi, 9 Mei

Aline amekuja ukumbini. Anafundisha sekondari sasa, ana mtoto mgongoni. Nilimwomba madaftari aliyotumia wakati ule. Amehama mara mbili kwa sababu ya maji, madaftari hayapo. Alilia yeye, mimi nikambembeleza mtoto wake. Alikumbuka sentensi moja zaidi, siyo neno kwa neno. Nimeiandika na kuweka alama kwamba ni ya kumbukumbu.

Nimemaliza kamba zote. Kila tasnifu iliyobaki nimeisoma, hata zile mbovu. Hakuna mwingine aliyemnukuu.

Jumatano, 15 Mei

Kumetulia. Ziwa limerudi nyuma kidogo, lakini chumba chetu cha zamani kimeshaanguka ukuta mmoja. Tunabaki parokia.

Fundi ametengeneza rafu mpya. Nimempa vipimo: ya chini ianzie usawa wa kiuno. Fundi alidhani nimekosea.

Nimenakili kila kitu cha Neema kwenye daftari la shule, kwa mwandiko wangu mzuri. Nukuu tatu za Aline, majina kumi na moja, sentensi moja ya kumbukumbu. Zimekuwa kurasa mbili na nusu. Yake ilikuwa na tisini na michoro sita. Nimepiga mhuri, nimeipa namba ileile, 212, nimebandika kadi mpya ya wasomaji.

Mama Neema alikuja mchana na kitenge chake cha kanisani. Alikuwa hajawahi kuingia maktaba. Aliisoma akiwa amesimama, kidole chini ya kila neno, ilimchukua muda mrefu. Nilimsubiri kama ninavyosubiri msomaji yeyote. Alipofika kwenye majina ya vijito alisoma kwa sauti, na Mama Riziki aliacha kufagia.

Kisha nikamfungulia kadi, nikamwambia, "Jina kamili, mama." Amesaini mstari wa kwanza. Amelifunga daftari ndani ya kitenge na kwenda nalo nyumbani. Tarehe ya kurudisha sikuandika.