Salamu Zilizojituma Zenyewe

Ijumaa, Buganguzi. Mvua inanyesha tangu alfajiri, ile ya kutoka ziwani, haina radi wala haraka. Nimekaa kitandani mchana kweupe, blanketi miguuni kama mgonjwa, wala siumwi. Nimekasirika tu.

Ukurasa huu alinifungulia mjukuu wangu Kemilembe. Alisema, "Bibi, andika kama unavyoongea, watu watakusoma." Basi naandika ninavyoongea. Na yeye asome.

Kemilembe anafanya kazi za kompyuta Dar es Salaam. Tangu aninunulie simu hii, ujumbe wake hunifikia kila asubuhi kabla sijachochea moto. "Shikamoo Bibi, umeamkaje? Miguu inaendeleaje?" Mimi niliishia darasa la nne. Nasoma polepole, midomo inacheza, lakini salamu ile nairudia hata mara mbili. Namjibu kwa kidole kimoja, naye ananijibu. Wanangu wa kiume wako Bukoba mjini, hapo tu, na mwezi unaisha hawajauliza kama nimeamka au nimekufa.

Ndiyo maana nilisema kibanja changu, shamba hili la migomba, nampa Kemilembe. Nilisema mbele ya shemeji yangu Rwegasira, msimamizi wa mambo ya ukoo wetu. Alinicheka. "Kibanja cha ukoo umpe binti? Akiolewa, migomba yote inakwenda kwa watu!" Nikamwambia huyu binti ananiamkia kila siku ya Mungu, ninyi wanaume mnaamka mkinuka pombe ya rubisi, mnamwamkia nani? Nilitembea kifua mbele mpaka nyumbani.

Kikao cha ukoo ni kesho. Kemilembe alifika juzi usiku kwa ajili hiyo.

Jana asubuhi, moto haujachochewa, tulikuwa jikoni tunamenya ndizi. Mikono yake yote miwili imejaa utomvu. Simu yake ameiacha chumbani. Alikuwa ananiigizia mkubwa wake wa kazini anavyotembea na tumbo lake, nami nacheka mpaka kisu kinaniponyoka. Simu yangu ikalia kwenye pindo la kanga. Nikafuta vidole, nikasoma.

"Shikamoo Bibi, umeamkaje? Miguu inaendeleaje? Nimekukumbuka sana."

Nikamtazama. Goti lake lilikuwa linagusa langu.

"Kemilembe, umenikumbuka?"

"Bibi, ngoja nikueleze."

"Sijauliza maelezo. Nani ameandika hapa?"

Akasema ni programu. Aliipanga siku ile ile aliyoninunulia simu. Inajituma yenyewe asubuhi, na mimi nikijibu inasoma, halafu inanijibu kwa maneno yanayofanana na yake, kwa sababu yeye anakuwa kazini, au yuko njiani, au amelala. Alisema hivyo, amelala! Mimi nimeinama juani natafuta herufi kwa kidole, yeye amelala.

Kisha akaanza kunifundisha. Watoto wa siku hizi ukiwakamata na kosa wanakupa somo. Akasema, "Bibi, haya mambo hayakuanza leo. Si ulinisimulia baba yako alihesabu madebe ya kahawa kwa kokoto? Ile ndiyo ilikuwa kompyuta yake." Ni kweli, baba alidondosha kokoto moja kwenye chungu kila debe likimwagwa, na hakuna mnunuzi aliyemzungusha. Akaendelea. Baada ya kokoto zikaja shanga kwenye waya, baada ya shanga mashine za magurudumu ya meno, kisha mashine kubwa kama nyumba zinazokula umeme wa mji mzima, zikapungua ukubwa, zikapungua, mpaka hii iliyomo kwenye kanga yangu. Anasema hii ina akili kuliko zile nyumba.

Mjukuu wangu anadhani ananipa habari mpya. Shanga kwenye waya zilikuwepo shuleni kwetu, nilichapwa kwa ajili ya hizo. Mashine ya mkono niliiona ofisi ya ushirika, karani anabonyeza, anauvuta ule mkono wake kama anapampu maji, nayo inatema karatasi. Kikokotoo cha kula jua tulikuwa nacho kwenye kikundi cha akina mama wa usharika. Na kompyuta ya kwanza kuiona ilikuwa kwenye ofisi moja mjini Bukoba, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na ukiingia chumba chake unavua viatu mlangoni. Mimi, mke wa mtu, nilivua viatu kwa heshima ya kisanduku! Nilisimama peku kwenye sakafu ya baridi nikaona maendeleo yamefika.

Sikuwahi kuvichukia vitu hivyo. Hesabu ni kazi, na mtu aliyechoka asaidiwe.

Ila kokoto za baba hazikuwahi kusema zimenikumbuka.

Nilipomwambia hivyo alitafuta neno la kunituliza, akaniharibu kabisa. Akasema zamani, kabla ya mashine, kompyuta alikuwa mtu. Ndivyo walivyomwita mtu aliyeajiriwa kukaa mezani akipiga hesabu kutwa nzima, na wengi walikuwa wanawake. Baadaye mashine ikaichukua kazi ile, ikalichukua na jina. Alidhani nitafurahi kusikia wanawake. Mimi nilijiuliza wale akina mama walikwenda wapi. Na nikajiuliza jina lipi linafuata, kama siyo la mjukuu.

Halafu nikamuuliza kitu kimoja tu.

"Nilikuambia nini niliporudi kutoka kuvuna maharage?"

Akaangalia ndizi.

Nikamwambia kwa mdomo kwamba siku ile nilianguka. Niliteleza kwenye kibanja, nikalala chini ya migomba mpaka jua likawa utosini, naita na hakuna anayeitika, sisimizi wananitembea shingoni. Watu wa hapa sikuwaambia, kwa sababu Rwegasira angesema nimezeeka, nikabidhi ardhi. Nilimwandikia Kemilembe peke yake. Na jibu lilikuja palepale: "Pole sana Bibi yangu, nimeumia kusikia. Ningekuwa karibu ningekushika mkono."

Nililia kwa furaha. Niliiweka simu chini ya mto kama Biblia.

Jana ndiyo Kemilembe alisikia kwa mara ya kwanza kwamba nilianguka. Akaanza kulia, utomvu unampaka usoni. Anasema, "Bibi, nilikuwa nasoma majibu yako ya Jumapili tu, mengine yalinipita. Niliogopa nikisahau siku moja utaumia." Nikamwambia ungesahau. Ungesahau siku moja, mimi ningejua una kazi nyingi. Wanangu wananisahau na nimewazoea. Wao angalau wananisahau wenyewe, hawajamweka mtu wa kuwasaidia.

Mkono ule ambao ungenishika, ulikuwa wa nani?

Leo kabla ya moto nilishika simu. Sijui kwa nini. Haikulia. Ameizima programu yake usiku, akadhani amenitengenezea. Na mimi, mjinga, nikakaa naitazama, nikaumia kama nimekosa chai.

Kisha mlango ukasukumwa taratibu. Kemilembe akapiga magoti pale kizingitini, mvua inamrukia mgongoni, kama nilivyomfundisha akiwa mdogo.

"Shikamoo, Bibi."

Marahaba ilikuwa mdomoni. Hilo ni neno ambalo sijawahi kumnyima mtu, hata walevi wa Rwegasira nawaitikia. Nililimeza, nikageukia ukutani. Baadaye nikasikia ndala zake zinaelekea jikoni.

Sasa nasikia anapasua kuni. Hajui kupasua kuni, atajikata. Sitoki.

Ningeweza kunyamaza kesho. Hakuna anayejua ila sisi wawili, kibanja kingekwenda kwake na Rwegasira angebaki na uchungu wake. Nimelifikiria hilo tangu asubuhi, nimeshindwa. Msimamizi wa ukoo nilimpa sababu moja, na sababu ile haipo. Rwegasira atacheka mpaka ashike mbavu. Acheke. Kibanja hakipati yeye wala binti. Nitakilima mwenyewe, nikianguka nitainuka mwenyewe.

Lazima ataniuliza mbele ya watu, namjua: "Shemeji, vipi yule anayekuamkia kila siku?"

Nitamwambia hakuna anayeniamkia.