Maji Chini ya Kiti cha Baba

Dada yangu,

Hatujambo, na samaki nao wazima, wanazungukazunguka kwenye ndoo jikoni. Lile tangi lao, nililoliunda mwenyewe kwa vioo vya dirisha nikatamba nalo mpaka mkanichoka, linavuja. Kwanza nilipaka gundi kwa nje, maji yakaisukuma ikabanduka. Jana nilimwaga maji yote, nikakwangua gundi ya zamani kwa wembe, nikapaka upya kwa ndani.

Dada, nilikuandikia kwamba baba ameanza kujikojolea. Si kweli. Ni tangi langu lililokuwa likichuruzika taratibu, maji yakapita chini ya zulia hadi kwenye kiti chake. Nami nilimfokea mbele ya mke wangu, nikamtandikia nailoni kitini kama mtoto mchanga. Alianza tu kukataa chai ya jioni.

Leo nimemwomba radhi. Akacheka kidogo, akasema, "Hata mimi niliamini, mwanangu."

Nikammiminia chai. Kabla ya kupokea kikombe, alipapasa kiti kuhakikisha nailoni ipo.

Mpigie simu, ila haya usiyataje.

Ni mimi mdogo wako,
fundi wa mdomo