Jumamosi Nitaitwa kwa Jina la Farasi

Alhamisi, likizo ya Agosti. Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka ndani ya chai.

Nianze na kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Mama, hata yule rafiki yangu wa bwenini ambaye namwambia karibu kila kitu. Mimi naogopa farasi.

Si kuogopa kidogo. Naogopa meno yao, naogopa kwato, naogopa vile jicho moja linakuangalia wewe na lile lingine sijui linaangalia nini. Na mimi ni mtoto wa Abba Bulle. Mtu yeyote hapa Chechelesi, Isiolo, ukimuuliza kwa Abba Bulle ni wapi, atakuonyesha kwa kidole na kukuambia, fuata harufu.

Shuleni nikisema nyumbani tunafuga farasi, wasichana wananiangalia kwa wivu. Wanafikiria nyasi za kijani na ua wa mbao uliopakwa rangi nyeupe. Sijawahi kuwasahihisha, maana kusahihisha ni kuongea. Ua wetu ni wa miiba. Kuna farasi sita, zizi la mabati, pipa lililokatwa katikati likawa la maji, na nyasi kavu zinazoletwa na lori kutoka upande wa Meru. Farasi wetu wanabeba maharusi, wanabeba watoto siku ya Idi, na mtu akipotelewa na ngamia anakuja kumwita Baba. Likizo kwangu maana yake ni koleo na mavi. Wenzangu wanarudi shule wakiwa na hina mikononi. Mimi narudi na malengelenge.

Sasa nieleze vile uongo wangu ulianza. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hata sikuusema. Nilinyamaza tu.

Mimi nikiogopa sikimbii wala sipigi kelele. Naganda. Nasimama kama nguzo ya stima. Na farasi, kumbe, akikuta mtu amesimama tuli namna hiyo, na yeye anatulia. Nilikuwa darasa la sita wakati jike wetu mmoja mweusi alikata kamba akaja mbio mpaka pale nilipokuwa naanika nguo. Niliganda na shati la ndugu yangu Guyo mkononi. Farasi akasimama mbele yangu, akanipumulia usoni, akateremsha kichwa. Baba alikuwa anakuja nyuma yake na kamba. Akaona hivyo, akasimama. Jioni nikamsikia akimwambia Mama, "Huyu mtoto amezaliwa nayo."

Nayo nini? Nilikuwa nimejikojolea kidogo.

Tangu siku hiyo kila farasi mkorofi ni wangu. Farasi akidungwa sindano, "Mwite Kabale asimame hapo kichwani." Farasi akikatwa kwato, Kabale asimame. Hiyo ndiyo kazi yangu yote, kusimama. Majirani wanasema mashallah. Mimi naangalia bati la zizi mpaka iishe.

Na kuna sehemu ya aibu zaidi. Naipenda. Si farasi, Mungu anajua. Naipenda ile sauti ya Baba. Baba si mtu wa kusifu. Ukileta B ya Hesabu anauliza A imeenda wapi. Lakini akikaa pale nje na wenzake na chai, namsikia kupitia dirishani: "Msichana wangu, muone hivyo hivyo. Farasi wanamsikia na hata hafungui mdomo." Shuleni, kila muhula, mwalimu wa darasa anaandika kwenye ripoti yangu kwamba nijitahidi kuongea. Hapa nyumbani kutoongea kwangu ndiko kipaji. Nani angekataa?

Sasa kuna shida ya Jumamosi.

Katika ukoo wetu, mtu wa kwanza kumkalia farasi mchanga ndiye anampa jina, na jina hilo linamshika yeye pia, maisha yake yote. Baba alimkalia Bulle kabla hajaoa. Ndiyo maana ni Abba Bulle, baba wa Bulle. Wanaume wengine wa mtaa huu wanaitwa kwa watoto wao wa kwanza. Mimi ndiye wa kwanza wa Baba, na sijawahi kusikia mtu akimwita Baba Kabale. Farasi alinitangulia. Bulle mwenyewe siku hizi amezeeka, meno yamekwisha, analowekewa pumba kila asubuhi kama mgonjwa wa hospitali, na anayemlowekea ni mimi.

Baba mkubwa, kaka yake Baba, ametutumia farasi dume mchanga kutoka Korbesa. Rangi yake ni ya chai ya maziwa. Hajawahi kuwekwa mtu mgongoni. Jumamosi baba mkubwa na wazee wengine wa ukoo wanakuja kuona akikaliwa mara ya kwanza.

Na Baba ameamua ni mimi.

Haijawahi kuwa msichana. Baba mkubwa alipopata habari alipiga simu, na Baba huweka simu kwa spika, kwa hivyo ugomvi tuliupata wote.

"Msichana ataitwa nani sasa?" baba mkubwa akauliza. "Mama wa farasi?"

"Ndiyo. Mama wa farasi. Kuna shida gani?" Baba akasema. "Wewe unaitwa kwa kijana ambaye hata simu hakupigii."

Mama alicheka mpaka akamwaga mchele aliokuwa anachagua. Baba hakucheka. Alishika simu karibu na mdomo akasema polepole, "Nimemlea mimi. Namjua."

Nilikuwa nimekaa pale pale, na mwiko mkononi. Baba yangu alikuwa anabishana na kaka yake mkubwa, mtu ambaye huwa hata hamwangalii machoni, kwa sababu yangu. Kama kulikuwa na wakati wa kusema, ulikuwa ule. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Baba, niongeze chumvi?"

Tangu hapo nyumba hii imenichosha. Sikai na kitu chochote dakika mbili kabla ya mtu kuniletea habari za farasi. Baba ananipa mawaidha nikinywa chai, nikifua, nikitoka chooni. Kaa mbele kidogo. Usibane na magoti. Usimwambie kwa mkono, mwambie kwa mgongo. Mama, ambaye hata hapendi farasi, ambaye wamemlia sukuma wiki yake mara ngapi sijui, amenishonea suruali pana ya kuvaa chini ya dera. Nimeambiwa niijaribu. Nimeambiwa nigeuke. "Sasa wewe ni mtu wa farasi kabisa," akasema, na pini mdomoni. Hata Mama.

Halafu kuna Guyo.

Guyo ana miaka kumi na miwili na anapenda farasi vile mimi ninavyotaka kuachwa peke yangu. Anaongea nao, anaongea kuwahusu, anaongea akila, anaongea usingizini. Baba humwambia, "Wewe ni redio. Farasi hataki redio." Akifika karibu na yule dume mchanga anafukuzwa. Basi tangu itangazwe kwamba mimi ndiye mkaliaji, Guyo amenyamaza. Hanisemeshi, hamsemeshi mtu. Kwanza nilifurahi, nikajiambia angalau kuna kitu kizuri kimetoka katika balaa hii. Halafu nikaona amenuna kupita kiasi. Halafu nikakasirika, kwa sababu na mimi nina shida zangu na sina hata mtu wa kunipigia kelele.

Leo asubuhi Baba alimtoa yule dume mchanga nje ili azoee uzito. Alimwekea mgongoni gunia lenye udongo kidogo. Mimi nikasimama kichwani, kama kawaida, nimeshika kamba. Guyo alikaa kwenye pipa la pumba lililofunikwa, miguu ikining'inia. Upepo ukapiga bati, pa. Farasi akaruka, gunia likaanguka karibu na mguu wangu, na mimi nikaganda. Sikuona kitu tena ila ile pua, mashimo mawili makubwa. Farasi akazunguka nusu, akarudi, akatulia.

"Umeona?" Baba akasema. Alikuwa anatabasamu, na Baba hutabasamu kwa nadra kiasi kwamba unatamani kuangalia nyuma yako uone nani amefika.

Ndipo Guyo akaongea, mara ya kwanza siku hizi zote. "Hapumui huyo. Baba, muangalie Kabale. Hapumui."

"Redio," Baba akasema bila kugeuka, "zima."

Guyo akazima. Lakini alikuwa ananiangalia mimi, na hakukuwa na ubaya machoni mwake. Alikuwa ananiangalia vile mtu anaangalia mbuzi mwenye mguu mbaya. Miaka yote hii, watu wote hawa wanaojua farasi, na aliyeniona ni huyo.

Kabla ya chakula cha mchana nilirudi zizini kuchukua ndoo. Baba alikuwa ameenda msikitini. Nilisimama nje ya miiba kwa sababu nilisikia kitu, au tuseme sikusikia kitu.

Guyo alikuwa ndani na yule dume mchanga. Alikuwa amejifunga leso ya Mama mdomoni, raundi mbili, fundo kubwa kisogoni. Alisimama ubavuni kwa farasi, mkono mmoja mgongoni mwake, akiegemea kidogo, akiachilia, akiegemea zaidi kidogo, vile Baba amenifundisha mimi kuegemea na mimi sijawahi kuthubutu. Farasi alikuwa anamtafuna kola ya shati. Kifua cha Guyo kilikuwa kinapanda na kushuka taratibu kama mtu aliyelala. Baadaye akaegemeza tumbo lote, miguu ikaachana na ardhi kidogo tu, akarudi chini. Farasi akapiga chafya, basi.

Hakuwa amenuna. Siku zote hizi alikuwa anafanya mazoezi ya kunyamaza.

Niliiacha ndoo. Nilirudi jikoni bila ndoo, nikaulizwa ndoo iko wapi, nikasema sijaiona. Huo sasa ni uongo wa kusema kwa mdomo. Nauandika hapa ili uwe mahali fulani.

Mchana tulikula wali na nyama ya mbuzi. Baba akachukua ini lote akaliweka kwenye sahani yangu. "Hili ni la mkaliaji," akasema. Guyo ndiye anapenda ini hapa nyumbani, mimi hata silipendi. Aliangalia sahani yangu, halafu akaangalia yake, halafu akaomba apewe maji. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

Nililila. Lote. Mbele yake.

Nimekuja chumbani na laptopu, nimesema nasoma. Nimekaa hapa nikipanga. Nimepanga kuumwa tumbo Jumamosi, lakini Mama ananijua nikiumwa tumbo la kweli. Nimepanga kuanguka mapema, nivunje kidole tu, kitu kidogo. Nimewaza mvua, lakini mvua ya Agosti Isiolo, nani atanipa hiyo.

Mtu atasema, si useme tu. Ndiyo. Nikisema, Baba atasimama mbele ya kaka yake na wazee aliobishana nao, na atasema nini? Na huo si woga wangu wote. Woga wenyewe ni huu: kesho akikaa nje na wenzake na chai, atasema nini kunihusu? Ukiondoa farasi, ninabaki msichana mwenye B ya Hesabu ambaye haongei. Nimekaa na wazo hilo saa nzima na bado linauma vile vile.

Na nikinyamaza, labda farasi atanitupa, labda hatanitupa. Nikitupwa nitapona. Nisipotupwa ndiyo mbaya. Nitaitwa kwa jina lake mpaka nizeeke, sokoni, harusini, siku nitakayozikwa, na kila mara mtu akiniita Guyo atakuwa hapo karibu akisikia.

Nimejaribu kufikiria jina ambalo ningempa huyo farasi. Sina. Nikamfikiria Guyo, nina hakika ana jina tayari, na amelifungia ndani ya leso.

Blogu hii ina wasomaji watatu, na nadhani mmoja ni mimi nikitumia simu. Kila mtu akija chumbani huwa nafungua ukurasa wa Kemia juu yake. Ni kidole kimoja tu. Baba anaamini najua Kemia sana.

Nasikia viatu vyake sasa. Akala za tairi, zile anavaa zizini, mguu wa kushoto unaburura kidogo. Ametoka uani, amepita jikoni, amemuuliza Mama niko wapi. Anakuja na kile kitambaa cha kumtandikia farasi mgongoni, nasikia pete zake za chuma zikigongana. Atataka nijaribu kukitandika.

Kemia iko hapo. Sijaifungua.

Baba husoma Kiswahili polepole, midomo ikitembea, na hukasirika ukimharakisha. Kwa hivyo nitageuza skrini iangalie mlango, nimpishe kiti, nisimame hapo kando yake mpaka afike mstari huu. Kusimama najua. Ila leo nitajaribu kupumua.