Mazoezi ya Baba

Nordbakken, 3 Oktoba 1971

Mwanangu mpenzi Eilif,

Nakusalimu kwa mapenzi yote. Bibi Olaug anakusalimu. Macho yamefifia lakini ulimi ni ule ule. Dada yako Gunnvor anakusalimu, anataka picha yako ukiwa na jezi ya timu. Gudbrand wa dukani anakusalimu. Hata ng'ombe wetu Dagros angekusalimu, maana amezaa. Mimi sijambo, ila usingizi tu ndio haba.

Baba yako anakusalimu pia, na hapo ndipo kalamu inaponikwama. Mguu wake wa kulia umelegea. Yule mtu aliyekata misonobari kutwa, kisha jioni akakufundisha kuteleza kwenye theluji, sasa anajikwaa kwenye zulia. Paja limepungua, suruali inampwaya. Kwa daktari hataki. Anasema, "Nina mtaalamu wangu Oslo, muulize yeye." Huko chuo cha michezo wanakuchoma sindano za paja kuangalia msuli unakula nini. Basi tuambie, afanye nini?

Soksi zimo kwenye kifurushi. Zivae.

Mama yako

Oslo, 12 Oktoba 1971

Shikamoo mama, na shikamoo kwa baba na bibi.

Mwambie baba hajaugua, amezembea! Tangu aache kukata miti anakaa tu, na msuli unaokaa hunywea. Msuli una akiba ya sukari ndani yake, kama stoo ya kuni. Ukiufanyisha kazi mpaka akiba iishe, kisha ukala na kupumzika, unajiwekea akiba kubwa kuliko ya kwanza. Mishipa midogo ya damu inaongezeka, na majiko madogo yanayochoma chakula yanazidi. Lakini lazima kwanza uchoke. Asiyechoka hajengi.

Basi apande kile kilima cha nyuma ya zizi kila asubuhi. Na wewe mama, usimbebee ndoo zake za maji! Najua moyo wako. Machi nina mashindano makubwa ya kuteleza kwenye theluji. Nataka nimwone amesimama kando ya njia ananipigia kelele.

Mwanao Eilif

Nordbakken, 28 Novemba 1971

Eilif mwanangu,

Sote tunakusalimu. Baba yako hasikii la mtu siku hizi, ni "kocha kasema" tu. Jana nilishika ndoo yake akafoka, "Ragnfrid, weka chini! Unataka kocha anifukuze timu?" Tukacheka mpaka bibi akauliza kuna nini.

Lakini mwanangu, anachoka na hajengi. Anakula uji, viazi na jibini, analala, na akiamka ni dhaifu kuliko jana. Akiketi, nyama ya paja inachezacheza yenyewe chini ya ngozi. Sasa na mkono umeanza. Wamewafundisha habari za msuli wa namna hii? Nikimwambia apumzike ananionyesha barua yako.

Mama yako

Oslo, 6 Desemba 1971

Shikamoo mama. Naandika haraka, basi la kambini linangoja. Hata mimi mapaja hunitetemeka baada ya mazoezi. Ni dalili nzuri. Asiache! Na wewe punguza huruma, huruma haijengi msuli.

Eilif

Nordbakken, 20 Januari 1972

Mwanangu,

Bibi na Gunnvor wanakusalimu. Baba yako alianguka kilimani akashindwa kuinuka. Mimi na Gunnvor tulimburuta juu ya theluji mpaka nyumbani. Hospitali wamempima. Daktari anasema kosa si la misuli: mishipa ya fahamu inayoiamuru ndiyo inayokufa, na msuli usioamriwa hunyauka, uufanyishe kazi usiufanyishe. Dawa hakuna. Niliuliza habari ya kilima. Akasema hakikumponya, wala sicho kilichomletea ugonjwa.

Baba kanikataza kukuandikia mpaka mashindano yaishe. Nimemwasi. Njoo, bado anaweza kusema.

Mama yako

Nordbakken, 30 Aprili 1972

Eilif mwanangu,

Bibi anakusalimu. Gunnvor anakusalimu. Nilikuwa naanza kuandika "na baba yako", ndipo nikakumbuka.

Tulimzika Jumamosi. Telegramu uliipata, mwenye nyumba wako kaniambia. Wabebaji waliacha wazi mahali pako, mbele kushoto, jeneza likaenda limelala upande. Hakuwa mzito tena.

Gazetini nilisoma kwamba uliacha mashindano ya Machi katikati ukaondoka bila kusema na mtu. Na Gudbrand alisema dukani, mimi nimesimama pale pale, "Kijana kamfanyisha baba yake mazoezi mpaka kaburini." Nikamwambia, "Gudbrand, funga mdomo kabla sijauziba kwa samaki wako huyu." Watu walicheka. Mimi nilienda kulia nyuma ya ghala.

Daktari nilimuuliza tena, akanijibu vile vile: kilima hakikumuua. Kama alitaka kunifariji, sijui, sikusoma. Ninachojua ni kwamba wiki zile za kilima baba yako aliamka kabla yangu, akanyoa ndevu, kama mtu anayengojwa kazini. Mwishoni ulimi ulikwisha kulegea. Mlango ukigongwa aligeuza macho akidhani ni wewe, nami nikamwambia, "Ni upepo tu."

Sina hasira nawe, na sitaki maelezo. Nijibu upesi. Kama maneno hayapo, tuma bahasha tupu, mradi anwani umeiandika kwa mkono wako.

Mama yako