Dorca Amolo, Jina Lako Si la Tuzo ya Kiwanda

Mwaka umetimia, Dorca, tangu tukulaze Bondo kando ya mume wako, na mimi kaka yako kila nikishuka Kisumu bado miguu inanipeleka mtaani kwako Obunga, kana kwamba utakuwa pale na karai lako la mafuta.

Ulikuwa hunioni miaka miwili, mitatu. Mara niko Kampala, mara Kericho kwenye majani chai, mara Port Victoria nikishona nyavu za watu. Nikitokea, hukuuliza nimeleta nini. Ulicheka tu: "Omera, kaka yangu, leo umefukuzwa wapi?" Kabla sijajibu, sahani iko mbele yangu. Ugali wako ulikuwa mgumu, nyamera, dada yangu. Nakuambia sasa kwa sababu huwezi kunirushia mwiko.

Samaki uliwajua. Ulinunua mbuta mzima kwa wavuvi, ukauza mzima, kabla kiwanda cha samaki hakijajengwa. Kilipokuja, wavuvi wote wakageukia huko. Minofu ikapanda ndege, ninyi kina mama mkapanga foleni lango la nyuma kungojea mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa. Hukulia. Uliukaanga huo mfupa mpaka watu wa ofisini wakawa wanatuma mtu aufuate. Rehma jirani yako akipika chapati, wewe samaki, mkalea watoto wenu kwa jiko moja.

Halafu kiwanda kikaamua kuwainua wanawake. Neno ni lao. Wakawapeleka hotelini, semina ya siku mbili, mwalimu aliyevaa tai kutoka Nairobi akawafundisha namna ya kumjua mteja. Rehma anasema ulisimama: "Mwalimu, mteja namjua mpaka mama mkwe wake. Ninayemtafuta ni samaki. Mwambie mkubwa wako atuuzie mzima." Kina mama wakapiga makofi. Mwalimu akasema swali ni zuri, litajibiwa baada ya chai. Nadhani chai hiyo bado inanywewa.

Mwaka wa 1994 wakakupiga picha ya kalenda, "Mwanamke Kiongozi wa Biashara". Wakakupa mbuta umkumbatie, mkubwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Picha ilipokwisha wakamchukua, wakamrudisha kwenye barafu. Wewe ukarudi kwenye foleni unanuka samaki asiye wako.

Sasa nitaje kosa langu, na wanaosoma tangazo hili wasikie. Siku ya mazishi kiwanda kilileta lori, mahema na shada la maua. Ndugu za mumeo wakaniachia mimi, mzee kuliko wote, nishukuru wageni. Kwetu mtu aliyekuja msibani haachwi aende bila neno tamu. Nikasema, "Dorca alikuwa wetu, lakini ni wenu pia." Maneno hayo tunamwambia hata mchimba kaburi. Bwana Dalmas, afisa wao wa uhusiano, akayaandika kwenye kijitabu chake.

Mwezi uliopita akaja na barua. Jumamosi hii kiwanda kinaanzisha "Tuzo ya Dorca Amolo" ya wanawake wafanyabiashara, na picha ile ya kalenda itatundikwa ukutani. Nikamwambia hatukubali.

"Mzee, ulikubali mwenyewe mbele ya watu. Ulisema ni wetu pia."

"Kama alikuwa wenu, mbona mlimnyima samaki akiwa hai?"

Akatabasamu, akamgeukia binti yako Selpha, ambaye anakata minofu humo humo kiwandani. Walitaka apande jukwaani, apokee tuzo ya kwanza kwa niaba yako. "Fikiria kazi yako, dada," akamwambia, polepole, kama mtu anayetoa pole.

Basi neno nililolitoa mbele ya watu naliondoa mbele ya watu. Ninyi wa kiwanda, hamkumwinua Dorca. Mlimkuta amesimama, mkamsukuma nyuma ya lango, kisha mkampiga picha. Tafuteni jina lingine, hata la mkurugenzi wenu litafaa. Rehma na kina mama wa Obunga wanasema biskuti zenu za Jumamosi mle wenyewe.

Selpha nilitaka kumwacha nje ya tangazo hili. Ana watoto wawili, na kazi ni hiyo moja. Jana akaninyang'anya karatasi, akasoma, akatafuta jina lake, hakuliona.

"Mjomba, huyu mama alimzaa nani? Wewe?"

"Watakufukuza, mtoto wangu."

"Niandike. Tena wa kwanza, wasipate shida ya kunitafuta."

Wanaokukumbuka: binti yako Selpha, mkata minofu wa kiwanda hicho, kaka yako Absalom Oketch, wajukuu wako, shemeji zako wa Bondo, Rehma na watoto wake, na kina mama wote wa lango la nyuma.

Siku zote tutakutaja, Dorca, kwa vinywa vyetu wenyewe.